Production, Carry Optics na Limited: nilivyojifunza kufanyia mazoezi divisheni zaidi ya moja

Mpiga shabaha akishapanda daraja moja au mawili katika mashindano ya bastola, haupiti muda mrefu kabla hajaanza kuitazama bastola ya mwenzake. Mara ni ile yenye nukta nyekundu, yaani saiti ya kioo yenye nukta ya mwanga, juu ya silaidi (kipande cha juu cha bastola kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka), mara ni ile nzito ya chuma yenye mlio mwingine kabisa. Hapo ndipo linapokuja swali: nikifanyia mazoezi divisheni mbili, yaani makundi mawili ya mashindano yanayogawanywa kwa aina ya bastola, nitafaidika, au nitajivuruga? Wengi hujibiwa haraka kwamba chagua moja ubaki nayo. Mimi nimeshindana katika tatu kwa misimu kadhaa sasa, na jibu langu ni tofauti. Divisheni ya pili inafundisha sana, ilimradi itofautiane na ya kwanza kwa kitu kimoja unachokijua. Ikitofautiana kwa vitu vitano, utafanya mazoezi mengi na hutajua ni kipi kilichokupandisha wala ni kipi kinachokuvuta nyuma.

Mimi ni mtu wa Nakuru, ila kwa sasa naishi Brooklyn Park, kaskazini kidogo ya Minneapolis, jimbo la Minnesota, mahali ambapo Wakenya hatupungui. Nafanya zamu za usiku katika nyumba ya kulelea wazee. Muda wangu wa mazoezi ni mfinyu na risasi nanunua kwa mshahara wangu. Nalitaja hili mapema kwa sababu ushauri mwingi unaozunguka katika mchezo huu hutoka kwa watu wanaofadhiliwa, ambao wanaweza kwenda uwanjani asubuhi na maboksi ya risasi na kurudi jioni. Mtu wa zamu hana nafasi hiyo. Lazima ajue kila robo saa inakwenda wapi.

Kwa asiyeufahamu mchezo: ninaozungumzia ni USPSA, chama cha Marekani kilichotokana na IPSC, shirika la kimataifa la mchezo huu. IPSC ilianzishwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper. USPSA ilifuata mwaka 1984. Kaulimbiu yao ni maneno matatu ya Kilatini, Diligentia, Vis, Celeritas, yaani umakini, nguvu na kasi, na mfumo mzima wa alama umejengwa juu ya hayo matatu. Unasimama mahali pa kuanzia, bastola iko kwenye ala kiunoni, kipima muda kinalia, unachomoa na kukimbia kutoka kona hadi kona ukipiga shabaha za kadibodi na za chuma. Mwishoni alama zako zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Anayepata hisabu kubwa zaidi ndiye mshindi wa steji hiyo, yaani wa mpangilio huo mmoja wa shabaha.

Divisheni ndizo zinazoamua utashindana na nani. Production ni bastola za kawaida zenye saiti za chuma, na magazini hairuhusiwi kuzidi risasi 15. Carry Optics ni bastola za aina hiyohiyo, ila zina nukta nyekundu kwenye silaidi, na magazini inapimwa kwa urefu, isizidi milimita 141.25, kwa hiyo inabeba risasi ishirini na kitu. Limited ina saiti za chuma tena, lakini bastola nyingi huko ni za kufyatua kwa hatua moja, zina sefti ya kidole gumba na mdomo mpana wa kupokea magazini, na wengi hutumia risasi za kaliba ya .40 ili wapate alama za meja. Kisha kuna Open, ambako kuna kompensata mdomoni, kifaa cha kupunguza teke, na magazini ya milimita 171.25. Hiyo sijawahi kuigusa na sina haraka nayo.

Nimetaja alama za meja, na hapa nataka kukaa kidogo, maana tofauti kubwa kati ya divisheni imo kichwani kuliko mkononi. Shabaha ya kadibodi ina maeneo A, C na D. Ukipiga A unapata alama 5, hata kama bastola yako ni ndogo. Ukipiga C, mwenye risasi ya nguvu, yaani meja, anapata 4, na mwenye risasi hafifu, yaani maina, anapata 3. Ukipiga D, meja 2 na maina 1. Nguvu ya risasi hupimwa kwa kuzidisha uzito wake kwa greni na kasi yake kwa futi kwa sekunde, kisha unagawanya kwa elfu. Maina lazima ifike 125. Meja lazima ifike 165. Production na Carry Optics huhesabiwa kwa maina hata ukiingia na risasi nzito kiasi gani.

Sasa chukua steji ya risasi 32. Alama zote ni 160. Ukiimaliza kwa sekunde 20 bila kupoteza alama, umepata 8. Katika kasi hiyo kila alama moja ina thamani ya sekunde 0.125. C moja kwenye Production inakunyang'anya alama 2, yaani robo sekunde. C hiyohiyo kwenye Limited, ukiwa na meja, inakunyang'anya alama 1, nusu ya hasara ile. Kwa hiyo mbele ya shabaha ileile, umbali uleule, mtu wa Production akitumia sehemu mbili za kumi za sekunde kuituliza saiti ili apate A, amefanya biashara nzuri. Mtu wa Limited akifanya hivyo amepoteza. Na steji ikiwa ngumu, ya mbali, yenye hisabu ya 4 badala ya 8, thamani ya alama inapanda maradufu na hesabu yote inabadilika tena.

Hili ndilo jambo la kwanza nililolipata kwa kushindana katika divisheni zaidi ya moja, na silioni likifundishwa vya kutosha. Mtu aliyekaa Limited peke yake hujenga mazoea ya kukubali C bila kuuliza. Aliyekaa Production peke yake huwa na subira ambayo nyakati nyingine haimlipi. Ukipita pande zote mbili unaanza kuiuliza kila shabaha bei yake. Nilipoanza kuandika kwenye daftari, baada ya kila mashindano, hisabu ya mshindi wa kila steji pamoja na idadi ya A na C zangu, niliona wazi kwamba kasi yangu ya kufyatua ilikuwa karibu sawa katika divisheni zote. Kilichokuwa kikipanda na kushuka ni uamuzi: lini nisubiri, lini niondoke.

Tuje kwenye uchaguzi wa divisheni ya pili. Mimi nilianza Production, na ya pili ilikuwa Carry Optics. Niliichagua kwa sababu ningeweza kutumia bastola ya modeli ileile: mshiko ule, kifyatulio kile, ala ileile nyuma ya mfupa wa nyonga kama kanuni inavyotaka, pochi zilezile za magazini. Hata risasi ni zilezile. Kilichobadilika ni jicho tu, na idadi ya risasi kwenye magazini. Kwa hiyo kila nilichokiona kimebadilika kwenye matokeo yangu nilijua chanzo chake. Naamini hata leo kwamba hizo mbili ndizo divisheni mbili nzuri kuliko zote kwa mtu mwenye muda mchache.

Jicho lina habari ndefu. Saiti za chuma zina vitu viwili vya kupanga, ya nyuma na ya mbele, na shabaha ndiyo ya tatu. Jicho la binadamu haliwezi kuona umbali mitatu kwa uwazi kwa wakati mmoja, ndiyo maana waalimu wa zamani walisisitiza kuitazama saiti ya mbele hadi uone ukingo wake umekatika vizuri, shabaha ibaki na ukungu. Nukta nyekundu haitaki hivyo. Unaitazama shabaha, nukta inakuja yenyewe mbele ya macho yako, na ukiifuata kwa macho inakuchelewesha. Ili kujilazimisha, wengi hubandika kipande cha utepe mbele ya kioo cha nukta. Macho yote mawili yakiwa wazi, jicho moja linaona nukta, jingine linaona shabaha, na ubongo unaziunganisha. Ukianza kuitazama nukta, shabaha inapotea nyuma ya utepe na unajua papo hapo kwamba umekosea.

Lakini zawadi kubwa ya nukta kwangu ilikuwa mshiko. Saiti za chuma zinasamehe. Ukichomoa bastola ikiwa imepinda kidogo, bado unaiona saiti ya mbele imekaa pembeni, unairekebisha bila hata kufikiri, na hujui kwamba umerekebisha. Kwenye kioo kidogo cha nukta, bastola ikipinda kiasi hicho nukta haionekani kabisa. Unabaki unatazama kioo kitupu. Nikiwa katika chumba cha chini cha nyumba yetu, nikichomoa mbele ya shabaha ndogo niliyobandika ukutani, nilikuwa naona mara kwa mara nukta ikiingia kutoka juu, upande wa kushoto. Maana yake mdomo wa bastola ulikuwa unafika juu kuliko jicho, na mkono wa kulia ulikuwa unakaza kabla wa kushoto haujashika. Niligundua kwamba kiganja cha mkono wa kushoto hakikuwa kinajaza ile nafasi iliyobaki kwenye mpini. Nilikizungusha mbele zaidi, kifundo kikiwa kimekazwa kuelekea shabaha, na nukta ikaanza kutokea katikati. Niliporudi Production majira ya kuchipua, saiti za mbele na nyuma zilikuwa zinafika zimeshapangana. Nilichokipata kwa nukta kilinifaidi kwa chuma.

Upande wa pili nao una chake. Saiti za chuma zinakufundisha kukubali picha isiyokamilika. Kwenye shabaha ya yadi 7, wazi, huhitaji kuona ukingo wa saiti. Kivuli chake tu kikiwa katikati ya kadibodi, A inapatikana. Kwenye bamba dogo la chuma la yadi 20 unahitaji kuona kila kitu. Mtu aliyeanza na nukta hudhani kila risasi inataka nukta itulie tuli, na nukta haitulii kamwe, inatetemeka daima kwa sababu mkono wa binadamu unatetemeka. Waliopitia chuma kwanza hawaogopi mtetemeko huo. Wanajua ukubwa wa eneo A na wanafyatua nukta ikiwa ndani yake.

Idadi ya risasi nayo inabadilisha namna ya kuisoma steji. USPSA hairuhusu steji kudai zaidi ya risasi 32. Mtu wa Production ana 15 kwenye magazini na moja chemba, jumla 16. Akibadili mara moja anaongeza 15, anafika 31. Imebaki moja! Kwa hiyo steji ndefu inamdai abadili mara mbili, na kwa kuwa chuma kinaweza kudai risasi ya ziada, hupanga kubadili kila anapohama kona, miguu ikitembea. Mtu wa Carry Optics anabadili mara moja, na anachagua mahali. Nilipotoka Production kwenda Carry Optics nilikuwa tayari nimezoea kubadili magazini nikikimbia, kwa hiyo lile badiliko moja halikunigharimu kitu. Ningeshauri kila mtu wa Carry Optics apige angalau mashindano machache ya klabu kwa Production, kwa ajili ya hili tu. Uwanjani watu wengi wa nukta hubadili magazini kwa uzito kwa sababu hawalifanyi jambo hilo mara za kutosha.

Limited ilikuja baadaye, na huko mambo yote hubadilika kwa pamoja. Bastola ni nzito zaidi. Pembe ya mpini ni nyingine, kwa hiyo mdomo unafika mahali pengine ukichomoa kwa mazoea ya zamani. Kifyatulio ni kifupi sana. Teke la .40 meja linapanda juu kwa nguvu na kurudi polepole kuliko la 9 mm. Na kuna sefti. Kila kuchomoa kunaanza na kidole gumba kuishusha, na kidole kinabaki juu yake muda wote wa kupiga.

Kidole gumba ndicho kilichonifundisha zaidi juu ya kuhama kati ya bastola mbili. Kwenye Limited, kidole gumba cha mkono wa kulia kinakaa juu ya sefti, mahali pa juu. Kwenye bastola yangu ya Production hakuna sefti, na kidole kikikaa juu hivyohivyo, kinaweza kuukandamiza ule wenzo unaoishikilia silaidi ibaki nyuma magazini inapoisha. Matokeo yake unafyatua, inalia kavu, na silaidi iko mbele kana kwamba bado kuna risasi. Nilitafuta mahali pamoja pa kidole panapofaa kwa bastola zote mbili: juu ya kifundo cha kidole gumba cha kushoto, kikielea mbali na silaidi. Kwenye Limited hapo panaangukia juu ya sefti, na kwenye Production panabaki hewani bila kugusa kitu. Tangu hapo mikono yangu haina mishiko miwili. Kabla ya kuingia divisheni yenye bastola ya namna nyingine, tafuta mshiko mmoja unaozikubali zote. Usipoupata, nadhani ni bora usiingie.

Kuhusu risasi nitasema machache. Zangu nazijaza mwenyewe. Za 9 mm nina mchanganyiko mmoja tu kwa Production na Carry Optics: risasi ya greni 124 inayotoka kwa futi 1,050 kwa sekunde, ambayo ni 130.2, juu kidogo ya 125 inayotakiwa. Za .40 ni greni 180 kwa futi 950, yaani 171. Naacha nafasi hiyo kwa makusudi, kwa sababu baruti nyingine hupoteza kasi hali ya hewa ikiwa baridi, na ukishuka chini ya 125 mbele ya kipima kasi cha mashindano, mashindano yako yote hayahesabiwi. Mezani haikai zaidi ya kopo moja la baruti, wala hazikai kaliba mbili kwa wakati mmoja. Nikimaliza moja nafuta meza, narudisha kila kitu kabatini, ndipo natoa nyingine. Mtu wa divisheni mbili hana budi kuwa mkali hapa kuliko mtu wa divisheni moja.

Sasa ratiba. Theluji ya Minnesota huanza Novemba na kuendelea mpaka Machi, nyakati nyingine Aprili. Viwanja vya nje hulala. Huo ndio wakati wa mazoezi makavu, yaani kufyatua bila risasi. Katika chumba changu cha mazoezi risasi hai haziingii, hata moja. Magazini zina risasi bandia za rangi, na bastola inakaguliwa kwa macho na kwa kidole kabla sijaanza. Ukutani nina shabaha zilizopunguzwa hadi theluthi, kwa hiyo nikisimama yadi tatu naiona kana kwamba iko yadi tisa. Simu inalia kama kipima muda, na inalia tena baada ya muda nilioupanga.

Sigawi wiki katikati. Nimeona watu wanaofanya Jumatatu bastola hii na Jumanne ile, na kila mara wanatumia nusu ya kwanza ya mazoezi kuikumbuka bastola ya jana. Mimi nagawa kwa vipindi virefu. Kuna divisheni moja ya nyumbani, na hiyo inachukua sehemu kubwa ya majira ya baridi. Kwangu ni Production, kwa sababu inadai vitu vingi zaidi na haifichi udhaifu. Nukta inaingia katikati ya majira ya baridi kama kipimo: wiki chache za kuchunguza nukta inaingia kutoka wapi, kuurekebisha mshiko, kisha narudi. Wiki mbili za mwisho kabla ya mashindano yoyote makubwa, bastola nyingine zote ziko kabatini.

Siku ya kuhama kutoka moja hadi nyingine ina utaratibu wake, na nauheshimu. Kwanza nashika bastola macho yakiwa yamefumbwa, naielekeza ukutani, nafumbua, natazama saiti au nukta iko wapi. Narudia mpaka ifike pale ninapotaka bila kurekebisha. Kisha kifyatulio: nakivuta polepole ukutani, sehemu tupu, mpaka kidole kikumbuke kinapokatikia. Kisha kuchomoa, bila haraka, bila kipima muda. Baada ya hapo ndipo nabadili magazini na kutembea. Nikiwa nimechoka kutoka zamu, nafanya hatua hizo peke yake na kulala. Hazichukui muda, na nimeona zinafaa kuliko saa nzima ya kufyatua nikiwa nasinzia.

Madaraja yana athari zake kwa mtu wa divisheni nyingi, na ni vyema uzijue kabla. USPSA hupima wapiga shabaha kwa steji maalumu na kuwapa asilimia: 40 hadi chini ya 60 ni C, 60 hadi chini ya 75 ni B, 75 hadi chini ya 85 ni A, 85 hadi chini ya 95 ni Master, 95 na kuendelea ni Grand Master. Kwa miaka mingi wamekuwa na kanuni kwamba ukipanda katika divisheni moja, katika nyingine huwekwi chini kwa zaidi ya daraja moja. Yaani ukiwa A kwa nukta, Production wanakusajili B hata kama hujawahi kupiga nayo. Wapo wanaolalamika. Mimi naona ni haki. Kusoma steji, kutembea, kuamua kasi, hivyo vyote umekuja navyo, na ni haki ushindane na walio navyo.

Shemeji yangu yuko Nairobi, naye hushindana kwa mfumo wa IDPA, mchezo mwingine wa bastola wenye sheria zake, ambao umeota mizizi Kenya. Uwanja wa Kirigiti kule Kiambu ni mashuhuri kwa mchezo huo. Alinipigia simu akitaka kujua kama haya yanamhusu.

"Shemeji, mimi bastola ni moja, na hati yangu inataja hiyo moja. Hata idadi ya risasi imeandikwa humo. Divisheni ya pili nitaitoa wapi?"

"Hapo ulipo, shemeji, unayo shule ambayo mimi sina," nilimwambia. "Kwenu kila alama iliyopungua ni sekunde nzima."

Na ndivyo ilivyo. Tangu mwaka 2017, IDPA huongeza sekunde moja kwa kila alama uliyopoteza. Risasi iliyotoka kidogo nje ya eneo la katikati inamgharimu sekunde nzima. Kwangu, C ya maina kwenye steji ya kasi inanigharimu robo. Nilimshauri afanye mazoezi yaleyale kwa sheria mbili: siku moja ajihesabie kwa sekunde za IDPA, siku nyingine agawanye alama kwa muda kama sisi, bastola ikiwa ileile na shabaha zilezile. Tena ajaze magazini kidogo kuliko anavyoruhusiwa, ili abadili mara nyingi. Yote hayo anaweza kuyafanya nyumbani kwa risasi bandia, mlango ukiwa umefungwa, bila kuchoma risasi hata moja ya hati yake. Wiki kadhaa baadaye aliniambia ameanza kuona ni shabaha zipi alikuwa anazisubiri bure na zipi alikuwa anazikimbilia.

Kuna wanaomtaja Rob Leatham, aliyechukua ubingwa wa taifa wa USPSA mara 24 katika divisheni mbalimbali, kama ushahidi kwamba kila mtu anaweza kuhama anavyotaka. Namheshimu mno. Lakini alikuwa na msingi uliokwisha kukomaa kabla hajazunguka. Anayeanza leo, ambaye bado anakumbushwa na refa aondoe kidole kwenye kifyatulio anapokimbia, au ambaye mdomo wa bastola yake bado unakaribia kuvuka nyuzi 180, yaani kugeukia nyuma walipo watu, hana sababu ya kuwa na bastola ya pili. Usalama lazima uwe umeshakuwa mwili wake. Akiongeza bastola yenye sefti na kifyatulio chepesi juu ya mikono ambayo bado inafikiri, anajiweka hatarini na anaiweka skwodi yake, kundi analoshindana nalo, hatarini. Kwa maoni yangu, asubiri mpaka akae imara daraja B, ndipo aongeze, na aongeze ile iliyo karibu zaidi na aliyonayo.

Mwaka 2023 USPSA ilianzisha Limited Optics, yenye nukta kwenye bastola za namna ya Limited, kwa alama za maina. Skwodini watu wengi wanaikimbilia. Kwa mtu anayetoka Carry Optics kwenda Limited, naona hiyo ndiyo daraja lililokuwa likikosekana: unabadili kifyatulio na sefti tu, jicho linabaki lilelile. Msimu huu nimeamua hivi. Production mpaka mwisho wa Julai, pamoja na mashindano ya jimbo. Agosti naweka nukta kwenye bastola ileile na kumaliza msimu kwa Carry Optics. Limited naipeleka kwenye mashindano ya klabu siku za wiki pekee, na majira ya baridi yajayo nitaipima Limited Optics ukutani kwa risasi bandia kabla sijatumia hata dola moja kuinunulia risasi.